Kubadili Gitaa la Umeme au Kubaki Nalo: Namna ya Kufikia Uamuzi

Mpiga gitaa anapofikiria kuachana na gitaa lake la umeme na kuchukua la modeli nyingine, mara nyingi huanza kwa kutazama magitaa mapya, kusoma sifa zake na kulinganisha bei, kabla hajaweza kueleza kwa usahihi ni kitu gani hasa kinachomsumbua katika gitaa alilonalo mkononi. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Unaanza na kero yenyewe, unaifuatilia hadi kwenye sehemu ya gitaa inayoisababisha, kisha unauliza kama sehemu hiyo inaweza kurekebishwa au kubadilishwa peke yake, au kama imefungamana na umbo la gitaa kiasi kwamba haiwezi kuondoka bila gitaa zima kuondoka. Swali hilo la mwisho ndilo linalopaswa kuamua, kwa sababu kero nyingi zinazowafanya watu wauze magitaa mazuri hutokana na mambo ambayo fundi mwenye ujuzi angeyamaliza kwa muda mfupi.

Iandike kero yako kwa sentensi moja

Chukua karatasi na uandike sentensi moja inayoeleza tatizo. Sentensi kama "gitaa langu halina sauti nzuri" haitakusaidia, kwa kuwa haionyeshi mahali popote pa kuanzia. Sentensi inayofaa hutaja uzi, freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), swichi au wakati: "Nikiuvuta uzi wa kwanza kwenye freti ya 15, sauti inakatika." "Uzi wa tatu unashuka kabla wimbo haujaisha." "Bega linauma nikisimama nalo kwa saa moja." "Nikiongeza mkwaruzo kwenye amplifaya, mvumo wa umeme unafunika kila kitu." Kila mojawapo ya sentensi hizo inaelekeza mahali tofauti kabisa: ya kwanza kwenye freti, urefu wa nyuzi au mviringo wa ubao wa shingo, ya pili kwenye kizingiti, kipande nitakachokieleza hapa chini, ya tatu kwenye uzito, na ya nne kwenye aina ya pikapu, yaani kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi.

Karatasi hiyo ikae karibu na gitaa kwa wiki kadhaa, na kila unapopiga uongeze kile ulichokiona. Kero inayojirudia katika nyimbo tofauti na kupitia amplifaya tofauti ni kero ya kweli. Ile inayojitokeza tu siku ambayo umemwona mpigaji unayempenda akiwa na gitaa la aina nyingine ni hamu, na hamu nayo si kosa, kwani gitaa linalomvuta mtu kulishika litapigwa zaidi kuliko lile linalobaki ndani ya mfuko wake. Lakini hamu iandikwe kwa jina lake, ipewe muda, na isivikwe vazi la hitilafu ya kiufundi ambayo haipo.

Kwanza lirudishe gitaa lako katika hali yake

Hakuna hukumu ya haki inayoweza kutolewa juu ya gitaa ambalo halijarekebishwa. Anza kwa kuweka nyuzi mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa hupoteza mng'ao wa sauti na hukataa kukaa katika sauti sahihi hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Baada ya hapo tazama mpindo wa shingo. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uukandamize pale shingo inapokutana na bodi, kisha uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Nafasi ya takriban milimita 0.25 inafaa kwa wapigaji wengi. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, nyuzi zitagonga freti. Ikiwa ni kubwa mno, katikati ya shingo patakuwa pagumu kukandamiza. Chuma kilichomo ndani ya shingo ndicho kinachorekebisha mpindo huo, nacho huzungushwa kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, huku ukipima tena kila mara. Kikikataa kuzunguka, usikilazimishe, mpelekee fundi.

Urefu wa nyuzi juu ya freti hupimwa kwenye freti ya 12. Kipimo cha milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba na milimita 2 upande wa uzi mnene ni mahali pazuri pa kuanzia, na kutoka hapo unaweza kupandisha au kushusha kulingana na nguvu ya mkono wako. Kisha hakiki usahihi wa sauti: gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upate ile sauti inayolia kama kengele, halafu uukandamize hapo hapo na ulinganishe sauti hizo mbili kwa tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti. Sauti ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, kipande kinachobeba uzi kwenye daraja, kule nyuzi zinakoishia juu ya bodi, kirudishwe nyuma ili uzi urefuke; ikiwa chini, kisogezwe mbele.

Pikapu nazo zina urefu wake, na hili husahaulika mno. Pikapu za koili moja, yaani zenye waya mmoja uliozungushwa, ambazo sumaku zake ziko karibu sana na nyuzi huzivuta nyuzi hizo, na matokeo yake ni sauti inayoyumba juu kwenye shingo, hasa katika nyuzi nene, na tyuna isiyotulia hata ufanye nini kwenye daraja. Mpigaji huamini kwamba gitaa lake limeharibika. Kumbe bisibisi na mizunguko michache ya skrubu ingelimaliza tatizo hilo, kwa kuiteremsha pikapu hadi sauti itakapotulia.

Nitakaa kidogo kwenye kizingiti, yaani kile kipande chembamba chenye vijia kinachozipitisha nyuzi kutoka kichwani kuingia shingoni, kwa kuwa sijui sehemu nyingine ndogo kama hiyo inayosababisha magitaa mengi kiasi hicho kuachwa. Tyuni uzi wa tatu polepole huku sikio likiwa karibu na kichwa cha gitaa. Ikiwa unazungusha kigingi cha kukazia uzi na mshale wa tyuna hausogei, kisha ghafla ukasikia mlio mdogo wa "tik" na mshale ukaruka kupita mahali ulipotaka, basi uzi umenasa kwenye kijia chake. Unapouvuta wakati wa kupiga, unateleza upande mmoja na haurudi, na hapo ndipo sauti inaposhuka katikati ya wimbo. Katika magitaa yenye vigingi vitatu kila upande wa kichwa, uzi wa tatu na wa nne hutoka kwenye kizingiti kwa kupinda pembeni, na kwa hiyo hunasa kwa urahisi zaidi. Legeza uzi, uutoe kwenye kijia, upake humo unga wa risasi ya penseli, uurudishe na utyuni upya. Hali ikiwa nafuu, umeshajua chanzo. Fundi atakipanua kijia hicho kwa tupa yenye unene unaofaa na kero itaisha. Watu wengi hubadilisha vigingi kwa sababu ya tatizo hili, na wengine hubadilisha gitaa, ilhali vigingi havikuwa na hatia yoyote.

Vifundo vinavyokwaruza vikizungushwa, swichi inayokatakata na tundu la waya lililolegea ni mambo ya kusafisha, kukaza na kulehemu. Hayastahili kuingia katika uamuzi huu.

Itenge sauti ya amplifaya na sauti ya gitaa

Kero yako ikiwa inahusu sauti na si mkono, kuna jaribio moja lisiloweza kurukwa. Muombe mpigaji mwenzako mwenye gitaa na amplifaya tofauti na vyako, kisha mpige michanganyiko yote minne: gitaa lako kwenye amplifaya yako, gitaa lako kwenye amplifaya yake, gitaa lake kwenye yako, na gitaa lake kwenye yake. Pigeni kifungu kile kile kila mara. Ikiwa kile usichokipenda kinabaki kwenye amplifaya yako hata gitaa linapobadilika, gitaa jipya halitakuondolea chochote. Amplifaya ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8 au pungufu ndani ya kisanduku chepesi haitatoa kifua cha sauti kama ile yenye spika ya inchi 12, na hakuna modeli ya gitaa itakayoibadilisha hali hiyo. Katika sauti yenye mkwaruzo mzito, tofauti kati ya gitaa na gitaa hupungua zaidi, huku mipangilio ya amplifaya na pedali ikichukua nafasi kubwa.

Uko uwezekano kwamba baada ya jaribio hili utaona kuwa fedha uliyotenga kwa gitaa inapaswa kwenda kwenye amplifaya. Ukubali, hata kama si jibu ulilolitarajia.

Yale yanayoweza kubadilishwa bila kuliacha gitaa

Pikapu, vigingi, kizingiti, vifundo vya umeme na, katika magitaa mengi, daraja lenyewe vinaweza kutolewa na kuwekwa vingine. Katika magitaa ambayo shingo imefungwa kwenye bodi kwa skrubu, kama Stratocaster na Telecaster za kampuni ya Fender, hata shingo nzima inaweza kubadilishwa kwa bisibisi, mradi vipimo vya maungio vilingane. Katika magitaa ambayo shingo imegundishwa, kama Les Paul na SG za kampuni ya Gibson, mlango huo umefungwa kwa mtu wa kawaida.

David Gilmour wa kundi la Pink Floyd alinunua Stratocaster nyeusi mwaka 1970, na kwa miaka mingi alikuwa akiibadilisha shingo, pikapu na vipuri vingine kadiri mahitaji yake yalivyobadilika. Gitaa hilo liliuzwa kwa mnada mjini New York mwaka 2019 kwa dola za Marekani 3,975,000. Bei hiyo ni ya historia yake, lakini mabadiliko yake yanaonyesha jambo linalotuhusu sote: mpigaji mwenye sikio kali aliweza kufuata sauti aliyoitaka kwa miongo kadhaa bila kulihama gitaa ambalo mikono yake ilikuwa imelizoea.

Suala la mvumo linaingia hapa. Pikapu ya koili moja hunasa mvumo wa umeme wa majumbani, wenye mzunguko wa hezi 50 au 60 kulingana na nchi, kwa njia ile ile inavyonasa mtetemo wa nyuzi. Pikapu ya koili mbili, ambayo wapigaji huiita hambaka, ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 kwa lengo hilo hasa: koili mbili zilizopangwa kinyume hufuta mvumo huku zikijumlisha sauti ya nyuzi. Kabla hujaamua kwamba unahitaji gitaa la hambaka, chunguza mvumo wako ni wa aina gani. Simama na gitaa, uongeze sauti, ushike nyuzi. Kelele inayopungua papo hapo unapozigusa nyuzi inatibika kwa kiasi kikubwa kwa kufunika matundu ya ndani ya bodi kwa karatasi ya shaba au rangi inayopitisha umeme, na kwa kuhakiki nyaya za ndani. Mvumo unaobaki hata ukizishika nyuzi, na ambao hupanda na kushuka unapogeuka kushoto na kulia mbele ya amplifaya, ni tabia ya koili moja yenyewe. Hata huo una dawa, kwani zipo pikapu zenye umbo na ukubwa wa koili moja ambazo ndani zina koili mbili zilizobebana. Sauti yake si sawasawa kabisa na ya koili moja halisi, na sikio lako ndilo litakaloamua kama tofauti hiyo inavumilika.

Ukiweka hambaka katika gitaa lililokuwa na koili moja, kumbuka kwamba vifundo vya sauti navyo vina thamani zake. Kwa kawaida koili moja huenda na vifundo vya kiloomu 250 na hambaka huenda na vya kiloomu 500. Ukiviacha vya 250, hambaka mpya itasikika imefunikwa kidogo kwenye sauti za juu, na unaweza kuilaumu pikapu bure.

Yasiyobadilika: hapa ndipo sababu ya kweli ya kuhama inapopatikana

Jambo la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni urefu wa uzi unaotetemeka, yaani kutoka kizingiti hadi daraja. Stratocaster na Telecaster zina takriban milimita 648, magitaa mengi ya kampuni ya PRS yana milimita 635, Les Paul na SG zina takriban milimita 628, na Jaguar na Mustang za Fender zina milimita 610. Urefu huo huamua mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi nyuzi zinavyokaza na umbali kati ya freti na freti.

Kuhusu kukaza, watu hutoa maelezo makubwa kuliko ukweli. Nyuzi za unene ule ule, zilizotyuniwa sawa, hukaza kwa takriban asilimia 6 zaidi kwenye milimita 648 kuliko kwenye milimita 628, kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa urefu. Sasa linganisha na kubadilisha nyuzi: uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.009 hukaza kwa asilimia 19 pungufu ya ule wa inchi 0.010 katika urefu ule ule. Kwa maneno mengine, pakiti moja ya nyuzi nyembamba zaidi italegeza mkono wako kuliko kuhama kutoka Stratocaster kwenda Les Paul. Ikiwa kero yako ni ugumu wa nyuzi peke yake, anza na pakiti hiyo, kisha ulifanyie gitaa marekebisho mapya ya shingo kwa sababu mkazo umebadilika.

Umbali kati ya freti ni hadithi nyingine, kwa kuwa hakuna uzi wala fundi atakayeubadilisha. Kutoka kizingiti hadi freti ya 4 ni takriban milimita 134 kwenye gitaa la milimita 648, milimita 130 kwenye la 628, na milimita 126 kwenye la 610. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mtu mwenye vidole vifupi anayepiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kutanua mkono karibu na kichwa cha gitaa atazihisi baada ya dakika kumi, na mtu mwenye vidole vinene anayepiga solo juu ya freti ya 15 atazihisi kwa upande wa pili, kwa kukosa nafasi.

Lipo jaribio lisilokugharimu chochote. Kama gitaa lako ni la milimita 648, shusha nyuzi zote kwa nusu toni, kisha ubane kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza. Sauti imerudi pale pale ilipokuwa, lakini urefu wa uzi sasa ni takriban milimita 612, karibu sawa na Jaguar au Mustang, na mkazo pamoja na umbali wa freti vimebadilika vyote viwili. Hesabu freti kuanzia kwenye kapo na upige hivyo kwa siku kadhaa. Ukiona mkono umefurahi, umepata ushahidi mzuri kwamba urefu mfupi unakufaa, na Les Paul itakuwa katikati ya hapo na ulipotoka. Ukiona nyuzi zimekuwa legevu na sauti nene zimepoteza mkazo wake, umejiepusha na gharama.

Shingo ndiyo ya pili. Upana wake kwenye kizingiti, ambao katika magitaa mengi ni milimita 42 au 43, unene wake nyuma na mviringo wa ubao wake wa mbele hukutana na kiganja katika kila noti. Stratocaster za mtindo wa zamani zina mviringo mkali wenye nusu kipenyo cha milimita 184, za kisasa nyingi zina milimita 241, na Gibson hutumia milimita 305. Mviringo mkali ni mzuri kwa kodi, lakini nyuzi zikiteremshwa sana, uzi unaovutwa hupanda mgongo wa shingo na kugusa freti za mbele yake, na sauti hukatika. Ukikumbuka ile sentensi ya freti ya 15, hapa ndipo inapojibiwa: pandisha nyuzi kidogo, na ikishindikana mwombe fundi asawazishe freti za juu. Ikiwa bado haitoshi na shingo imefungwa kwa skrubu, shingo mpya ni nafuu kuliko gitaa jipya. Shingo iliyogundishwa ambayo kiganja chako kimeikataa kwa miezi mingi ni sababu halali kabisa ya kuhama.

Uzito na mizani havina tiba ya kudumu. Les Paul nyingi hufikia kilo 4 na zaidi, ilhali Stratocaster na Telecaster nyingi zina takriban kilo 3.5. Mkanda mpana husambaza uzito huo begani, na ni wajibu kuujaribu kwanza, lakini mtu mwenye maumivu ya mgongo asijilazimishe. Afya yako ina thamani kuliko sauti yoyote. SG ni nyepesi, lakini kichwa chake huelekea kushuka ukiliachia gitaa, na mkono wa kushoto huishia kulibeba badala ya kulipiga. Mkanda wenye ngozi ya kukwaruza upande wa ndani husaidia kiasi.

Daraja linaloelea, lile lenye mkono wa kutetemesha sauti, huleta tabia yake pia. Ukibadilisha tyuni ya uzi mmoja, nyuzi nyingine zinahama, na uzi mmoja ukikatika jukwaani nyuzi zote zinapanda. Kwa mtu asiyeutumia mkono huo, kipande cha mbao kilichokatwa vizuri na kupachikwa nyuma ya daraja hulifunga lisielee, na hakuna haja ya kununua gitaa lenye daraja tulivu. Kinyume chake ni kigumu: kuweka daraja la kuelea katika bodi isiyochongwa kwa ajili yake ni kazi ya kukata mbao, na mimi nisingeipendekeza kwa gitaa lenye thamani. Hali kadhalika, mwili wenye uwazi ndani, kama wa ES-335 ya Gibson iliyotoka mwaka 1958, haupatikani kwa marekebisho yoyote. Ukiitaka ile sauti yenye hewa, itabidi uchukue gitaa la aina hiyo na ukubali kwamba kwenye sauti kubwa litaelekea kujirudia kwa mlio kuliko gitaa la bodi nzima.

Ipo pia sababu isiyohusu modeli hata kidogo. Shingo iliyojipinda kama kamba, chuma cha ndani kilichofika mwisho wake au kilichokatika, na freti zilizokwisha katika gitaa ambalo gharama ya kuzibadilisha inapita thamani yake, yote hayo yanaruhusu kuliacha gitaa bila majuto.

Kulijaribu gitaa unalolifikiria

Nenda na gitaa lako. Kulinganisha kwa kumbukumbu hakuaminiki, kwa kuwa sikio husahau haraka. Anza kwa kulipiga gitaa jipya bila umeme, usikilize kama kila freti inalia sawasawa kutoka chini hadi juu, kisha uliunganishe kwenye amplifaya inayofanana na yako, yenye mipangilio ile unayoitumia kila siku. Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha: gitaa lenye pikapu kali zaidi litasikika kubwa, na sikio hulipenda lile lenye sauti kubwa hata kama si bora. Teremsha sauti kwenye amplifaya hadi magitaa yote mawili yalingane, ndipo usikilize tabia zao.

Piga nyimbo ulizozizoea, si vifungu vya kuonyesha ufundi. Simama nalo, mkanda ukiwa begani, kwa muda usiopungua nusu saa. Rudi kwenye ile karatasi na upige hasa vile vifungu vilivyoandikwa humo kuwa vinakusumbua. Kumbuka pia kwamba gitaa la dukani huenda halijarekebishwa na lina nyuzi za unene mwingine, kwa hiyo wepesi wake au ugumu wake unaweza kuwa wa nyuzi tu. Uliza ni za unene gani.

Ikiwa unapiga katika kundi, hukumu iliyo bora hutolewa ndani ya kundi. Gitaa linalosikika nene na tamu chumbani peke yake linaweza kuzama kabisa chini ya besi na kinanda, na lile lililoonekana jembamba likawa ndilo linalosikika. Azima gitaa, ulipeleke mazoezini, rekodi kwa simu ukiwa umeiweka mbali na amplifaya, kisha usikilize kesho yake. Pale ambapo mwenzako wa gitaa la pili tayari anatumia hambaka, mara nyingi koili moja yako ndiyo inayowatenganisha, na kuiacha kungewafanya nyote wawili msisikike vizuri.

Kwa gitaa lililotumika, kagua shingo kwa kuitazama kwa urefu wake kama anayepima mstari, pitisha kidole kwenye freti kutafuta mashimo, na uhakikishe kwamba chuma cha shingo bado kinazunguka. Katika magitaa ya Gibson na yanayofuata umbo lake, ambayo kichwa kimeinamishwa nyuma, chunguza kwa mwanga mkali mahali kichwa kinapoungana na shingo, kwa kuwa hapo ndipo yanapovunjika yakianguka. Mvunjiko uliogundishwa na fundi mzuri unaweza kudumu miaka mingi, lakini ni lazima bei yake ishuke sana.

Hesabu na hatua ya mwisho

Weka pande mbili kwenye karatasi. Upande mmoja uwe na bei ya gitaa jipya, marekebisho yake ya kwanza na mfuko au sanduku lake, ukitoa kile ambacho kwa kweli utapata kwa gitaa la zamani, si kile unachotamani. Upande mwingine uwe na gharama ya kumaliza kero zako katika gitaa ulilonalo. Jua kwamba fedha unayoweka kwenye pikapu na vipuri hairudi yote unapouza. Kwa hiyo, ikiwa kero tatu kati ya nne ziko katika yale yasiyobadilika, usianze kununua vipuri kabisa.

Ukiamua kuhama, usiuze la zamani siku hiyo hiyo. Lipige jipya peke yake kwa majuma kadhaa, kisha urudi kwenye la zamani jioni moja na uone kama mikono yako inalikaribisha au inalikataa. Mara nyingine utagundua kwamba yanafanya kazi mbili tofauti na kwamba anayepiga jukwaani anahitaji gitaa la akiba kwa siku ambayo uzi utakatika. Kama lazima liuzwe, rudisha pikapu na vipuri vyake vya asili ikiwa ulivihifadhi, liwekee nyuzi mpya, na umweleze mnunuzi kila kilichobadilishwa na kila kilichorekebishwa, pamoja na sababu iliyokufanya uliache.